Kizuri Chajiuza? Uhakiki wa Kurasa za Biashara Ndogo za Nyamirambo

Utangulizi

Kuna semi mbili za biashara katika Kiswahili ambazo hazipatani. Ya kwanza ni methali: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ya pili ni usemi wa mjini unaosikika sana redioni na sokoni: biashara ni matangazo. Ya kwanza inamtaka muuzaji atulie dukani mwake na kuiacha bidhaa ijisemee. Ya pili inamtaka apaze sauti, kwa sababu aliyenyamaza hupitwa. Siku hizi ugomvi huu umehamia mtandaoni. Mwenye saluni, mwenye mgahawa na fundi cherehani wa Nyamirambo wanaambiwa kwamba bila tovuti inayopatikana Google, na bila wafuasi Instagram, Facebook na TikTok, biashara yao haipo. Baadhi yao hulipa fedha ili "waonekane". Fedha hizo hutoka katika faida ya chapati, ya kusuka nywele na ya kushona sare za shule, kwa hiyo ni haki kuuliza zinanunua nini.

Katika insha hii ninazihakiki kurasa za biashara ndogo kama matini. Sina shughuli na rangi zake wala picha zake. Ninauliza maswali ambayo sisi wanafunzi wa Kiswahili huuliza kuhusu matini yoyote: nani anasema, anamwambia nani, kwa lugha gani, na kwa lengo gani. Dai langu ni kwamba udhaifu mkubwa wa kurasa hizi ni wa lugha kuliko wa kiufundi. Zimeandikwa kwa maneno ambayo mteja hayatumii anapouliza. Injini ya utafutaji, hata ikiwa na ujanja kiasi gani, kazi yake ya msingi ni kulinganisha swali la mtu na maandishi yaliyopo. Ukurasa usio na maneno ya mteja ni duka lisilo na mlango upande wa barabara.

Mtaa na lugha yake

Nyamirambo, katika wilaya ya Nyarugenge, si mtaa wowote tu kwa msomaji wa Kiswahili. Kigali ilipoanzishwa mwaka 1907 na Mjerumani Richard Kandt, Waislamu waliozungumza Kiswahili walikuwa miongoni mwa wafanyabiashara na wafanyakazi waliofika pamoja na utawala huo mpya. Chini ya Wabelgiji walitengewa eneo la Biryogo, na kambi yao ikaitwa kwa jina la lugha yao. Mpaka leo mtu akitaja Waswahili wa Kigali, wasikilizaji huelekeza macho Biryogo na Nyamirambo.

Lugha hiyo haikubaki kambini. Kinyarwanda kina maneno kama iduka, ameza, isabune na isukari, ambayo msomaji wa Kiswahili huyatambua mara moja. Hata saa husomwa kwa namna yetu: saa mbili asubuhi ya Mnyarwanda ndiyo saa mbili asubuhi ya Mtanzania. Rwanda ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na mwaka 2017 Bunge lilipitisha sheria iliyokifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Kwa hiyo Kiswahili kina historia mtaani na kina hadhi katika sheria. Mahali ambapo hakionekani sana ni kwenye kurasa za biashara za mtaa huohuo. Humo hutawala Kiingereza, tena Kiingereza cha aina moja tu.

Mtindo wa "karibu kwenye tovuti yetu"

Aliyesoma kurasa chache za biashara ndogo anaujua mtindo wake. Hufungua kwa kumkaribisha msomaji kwenye tovuti. Kisha husema kwamba biashara hii ni miongoni mwa zinazoongoza katika sekta yake, kwamba inatoa huduma za kiwango cha kimataifa, kwamba inamthamini kila mteja, na kwamba ubora ndio nguzo yake. Hufuata maono, dhamira na maadili ya msingi. Mwishoni kuna fomu ya kujaza jina na barua pepe.

Jaribu kufuta jina la biashara juu ya ukurasa huo. Huwezi tena kujua kama unasoma habari za kinyozi wa Nyamirambo, kampuni ya bima ya Nairobi au hoteli ya Dubai. Hilo ndilo kosa la kwanza la kihakiki: matini haina mahali na haina msemaji. Imeazima sauti ya kampuni kubwa yenye idara ya uhusiano na umma, ikamvisha mtu mwenye cherehani mbili. Vazi halimkai.

Kosa la pili ni la maudhui. Katika sifa zote hizo hakuna jambo hata moja ambalo mteja anataka kulijua kabla ya kupanda moto au basi. Mnashona nini? Sare, kanzu, magauni ya harusi? Nikileta kitambaa changu mnakubali? Itachukua siku ngapi? Ni shilingi, namaanisha faranga, ngapi kuanzia? Ijumaa mchana mnafunga kwa ajili ya swala? Nikifika nishukie wapi?

Jambo la kushangaza ni kwamba mwenye duka mwenyewe anayajua majibu haya yote, na huyasema kila siku. Ukimuuliza kwa mdomo atakwambia: sare ya mtoto ni siku tatu, msimu wa shule kufunguliwa ni wiki nzima, ukileta kitambaa bei inapungua, suruali ya kupunguza urefu unaweza kusubiri hapahapa. Maneno hayo ni matini bora kuliko ukurasa wake wote. Yana mahali, yana msemaji, yana hadhira, na kila sentensi inajibu swali ambalo mtu kweli aliliuliza. Tatizo ni kwamba alipoambiwa aandike kwa ajili ya mtandao, aliambiwa pia, kwa maneno au kwa mifano aliyoonyeshwa, kwamba lugha yake ya kaunta haifai.

Maswali matatu ya wenye biashara

Swali la kwanza: nikirudia maneno yangu mara nyingi, je, nitapanda juu? Ushauri wa kujaza maneno una historia. Miaka ya 1990 injini nyingi zilitegemea sana idadi ya mara ambazo neno limetokea ukurasani, na waandishi wa kurasa wakaizoea hila hiyo. Mwaka 1998 Larry Page na Sergey Brin, wakiwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, walieleza njia nyingine: ukurasa upimwe pia kwa kurasa nyingine zinazouelekeza msomaji kwake, kama vile mtu anavyopimwa kwa ushahidi wa majirani. Mwaka 2009 Google ilitangaza wazi kwamba haitumii orodha ya maneno muhimu inayofichwa kichwani mwa ukurasa katika kupanga matokeo. Kanuni zake za leo zinahesabu urudiaji wa maneno kupita kiasi kuwa ni taka.

Hata hivyo ushauri huo bado unauzwa, na matokeo yake ni sentensi za namna hii: "Fundi nguo Kigali ni fundi nguo bora Kigali kwa kila anayetafuta fundi nguo Kigali." Sisi tunaoifahamu takriri katika ushairi tunajua kwamba urudiaji ni mbinu yenye kazi: husisitiza, hupiga mdundo, hukaza hisia. Takriri ya sentensi hiyo haina sikio inalolilenga. Aliyeiandika alikuwa anazungumza na mashine, na mashine yenyewe imeshakataa kuzungumziwa hivyo.

Swali la pili: wafuasi wengi Instagram au Facebook watanipandisha Google? Hapa wenye biashara wengi hupoteza fedha. Mwanzoni mwa mwaka 2014 Matt Cutts, aliyekuwa msemaji wa Google katika mambo ya utafutaji, alieleza kwamba idadi ya wafuasi na ya waliopenda chapisho haitumiki kama kipimo cha kupanga kurasa. Aidha, viungo vinavyowekwa kwenye mitandao hiyo kwa kawaida hubeba alama iliyobuniwa mwaka 2005 ya kuiambia injini isivihesabu kuwa ni ushahidi. Kwa hiyo anayenunua wafuasi elfu moja amenunua umati wa watu wasiosema, wasionunua, na wasioheshimiwa na injini anayotaka kuishawishi.

Sisemi kwamba mitandao ya kijamii haina faida. Mtu aliyeona video ya mkate wa sinia ukitoka jikoni Biryogo anaweza kesho kuandika jina la mgahawa huo Google. Faida yake ipo, ila hupita kwa mtu. Mtandao wa kijamii huleta jina kwenye kumbukumbu, na utafutaji humpokea anayekuja na swali. Mshauri anayechanganya kazi hizi mbili humfanya mwenye duka achapishe kila siku mpaka achoke, huku ukurasa unaopaswa kujibu maswali ukikaa bila hata saa za kufungua.

Swali la tatu ndilo gumu: nahitaji tovuti ya nini ikiwa wateja wangu wote wako WhatsApp? WhatsApp ina toleo la biashara tangu mwaka 2018, na kwa mwenye duka wa Nyamirambo ni chombo chenye nguvu: anaonyesha bidhaa, anapokea oda, anatuma namba ya MoMo ya kulipia. Lakini mazungumzo ya WhatsApp hayasomwi na injini ya utafutaji, na hali inayowekwa humo hutoweka baada ya saa 24. Inawahudumia waliokwisha kukujua. Asiyekujua hana mlango wa kuingilia.

Kuna pia suala la umiliki. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika kwa pamoja kwa takriban saa 6, kwa sababu zote ni za kampuni moja. Aliyekuwa na duka lake lote humo alikaa siku ile kama mpangaji aliyefungiwa nje na mwenye nyumba. Google nayo si tofauti. Ilikuwa ikiwapa wenye biashara ndogo tovuti za bure zilizotengenezwa kutokana na wasifu wao, na mwezi Machi 2024 ikazifunga. Ukurasa mmoja mwepesi kwenye anwani inayoishia na .rw, anwani ambayo ni yako maadamu unailipia, hauna mbwembwe, lakini hauhamishwi na uamuzi wa kampuni ya mbali. Wepesi una maana. Google ilianza mwaka 2016 safari ya kuzipima kurasa kwa sura yake ya kwenye simu, na mwaka 2023 ikaikamilisha. Ukurasa mzito humla mteja bando kabla hajasoma neno.

Neno la mteja

Nimesema udhaifu ni wa lugha, na sasa niuonyeshe katika maneno yenyewe. Tuanze na fundi. Kwa Mswahili wa Dar es Salaam au Mombasa, fundi ni mtu yeyote mwenye ujuzi wa mkono, na muktadha ndio unaoamua kama ni wa nguo, wa magari au wa redio. Neno hilo limeingia Kinyarwanda kama umufundi, lakini huko limebana maana: kwa kawaida humaanisha mwashi, mtu wa ujenzi. Mshonaji ni umudozi. Kwa hiyo ukurasa wa Nyamirambo unaosema tu "fundi hodari" unamwita mteja mmoja na kumpoteza mwingine. Anayejua mtaa ataandika fundi cherehani kwenye ukurasa wa Kiswahili, na umudozi kwenye ule wa Kinyarwanda.

Tuchukue kitenge. Kiswahili kina kitenge na vitenge, Kinyarwanda kina igitenge na ibitenge. Kitu ni kimoja, maumbo ni manne, na mabadiliko yote yako mwanzoni mwa neno, kama ilivyo desturi ya lugha za Kibantu. Miongozo mingi ya uandishi wa kurasa iliandikwa kwa ajili ya Kiingereza, ambako umoja na wingi hutofautiana kwa herufi ya mwisho. Anayeifuata bila kufikiri hushikilia umbo moja na kulikariri. Anayeandika Kiswahili cha kawaida, kinachosema tunauza vitenge na kila kitenge kina yadi kadhaa, huyatumia maumbo yote bila hila yoyote. Sarufi yenyewe humfanyia kazi. Nimeona pia kurasa zinazokwepa neno kitenge na kuzungumzia vitambaa vya chapa za Kiafrika kwa Kiingereza, kana kwamba mgeni hatalielewa. Ukweli ni kwamba mgeni aliyetembea Afrika Mashariki hata kidogo huondoka na neno hilo mdomoni, na ndilo atakaloandika akilitafuta.

Mfano wa tatu ni nyama ya kuchoma kwenye kijiti. Anayetoka Tanzania atauliza mishkaki. Mkazi wa Kigali atataja jina lenye asili ya Kifaransa, brochette, ambalo liko kwenye kila menyu. Mgahawa unaotaka wote wawili hauna haja ya kuchagua. Sentensi moja inatosha: hapa tunachoma mishkaki, ambayo Kigali huitwa brochette. Mwandishi wa sentensi hiyo amefanya kazi ya mtafsiri, ya mkarimu na ya mtaalamu wa utafutaji kwa mara moja.

Mahali nako ni suala la lugha. Barabara za Kigali zina namba zinazoanza na herufi kama KN kwa upande wa Nyarugenge. Namba hizo zinafaa kwenye ramani, lakini mtu akimwelekeza mwenzake hutaja alama: kwa Kadafi, kwa maana ya msikiti, Tapis Rouge, uwanja wa mpira, Cosmos, kuri 40. Google inaeleza kwamba matokeo ya karibu na mtafutaji hupangwa kwa mambo matatu: kama biashara inaendana na swali, iko umbali gani, na inajulikana kiasi gani. Mwenye duka hawezi kuuhamisha mtaa, lakini anaweza kuandika namba ya barabara na alama inayojulikana pamoja. Ya kwanza inaisaidia ramani, ya pili inamsaidia motari.

Saa nazo zina mtego. Wasifu wa biashara wa Google hutaka saa za tarakimu kwa hesabu ya kuanzia usiku wa manane. Anayejaza 2 akimaanisha saa mbili asubuhi atatangazwa kuwa anafungua watu wakiwa wamelala. Ni tofauti ndogo ya utamaduni, na mteja aliyefika akakuta mlango umefungwa hataichukulia kuwa ndogo.

Pingamizi

Msomaji makini atakuwa na pingamizi mbili. Ya kwanza: je, Kiingereza si lugha ya mgeni mwenye fedha? Kwa baadhi ya shughuli, ndiyo. Kituo cha Wanawake cha Nyamirambo, kilichoanzishwa na wanawake 18 mwaka 2007, huwatembeza wageni mtaani, na kupitia mradi wake wa Umutima wanawake hushona mifuko na bidhaa nyingine za vitenge. Mgeni wa kutoka ng'ambo ni hadhira halisi ya kazi hiyo, na kumwandikia kwa lugha anayoisoma ni busara. Lakini tazama jina lenyewe. Umutima ni moyo kwa Kinyarwanda, na msomaji wa Kiswahili hukumbuka mara moja neno mtima. Jina halikutafsiriwa ili limfurahishe mgeni, na bado wageni wanalijua. Hoja yangu haisemi kwamba Kiingereza kifukuzwe. Inasema lugha ya ukurasa ichaguliwe kwa kumtazama mteja, na mteja wa kinyozi si mteja wa matembezi ya kitalii.

Pingamizi ya pili ni nzito zaidi: karibu Wanyarwanda wote wana Kinyarwanda, kwa nini basi nidai Kiswahili? Nakubali kwamba kwa maduka mengi ya mtaa ukurasa wa kwanza unapaswa kuwa wa Kinyarwanda. Kiswahili kinadai nafasi pale ambapo mteja wake yupo: Mkongo aliyekulia Goma au Bukavu, Mrundi wa Buyenzi, dereva wa lori anayeleta mizigo ya bandari ya Dar es Salaam kupitia Rusumo, na familia za Nyamirambo zenyewe ambazo bado hukitumia nyumbani. Kwa hao, ukurasa wa Kiswahili si pambo la kizalendo. Ni huduma.

Hapa kuna mvutano ambao sitaki kuuficha. Nyamirambo husema kwa kuchanganya. Sentensi moja inaweza kuanza Kinyarwanda, kupitia Kiswahili na kumalizikia Kifaransa, na hiyo ndiyo ladha ya mtaa. Google inashauri kinyume chake: kila ukurasa uwe na lugha moja inayotambulika, na tafsiri zisiwekwe bega kwa bega. Anayefuata ushauri huo hupoteza kidogo sauti ya kaunta niliyoisifu. Suluhisho langu ni la kugawana kazi. Kwenye tovuti, ukurasa mmoja kwa kila lugha, umeandikwa na mtu na si kumwagwa na mashine ya tafsiri bila kuhaririwa. Kwenye mitandao ya kijamii, ambako hadhira ni majirani, mchanganyiko uachwe uchezwe kama ulivyo.

Hitimisho

Kinachonisumbua zaidi ni mzunguko unaojilisha wenyewe. Mwenye duka haandiki Kiswahili kwa sababu anaamini hakuna anayetafuta kwa Kiswahili. Mteja hatafuti kwa Kiswahili kwa sababu alijaribu na hakupata kitu cha mtaani kwake. Kila mmoja anamthibitishia mwenzake. Tangu mwaka 2024 Google imekuwa ikiweka juu ya matokeo majibu yaliyotungwa na akili unde kutokana na maandishi yaliyopo mtandaoni. Kisichoandikwa hakitatajwa humo pia, na lugha rasmi ya nchi itaonekana kama lugha ya watu wasionunua kitu.

Turudi kwenye semi mbili za mwanzo. Kizuri chajiuza, lakini kwa aliyekiona, na mtandaoni hakuna mpita njia anayekiona kwa bahati. Biashara ni matangazo, lakini tangazo lisilojibu swali ni kelele, na kelele hizi zinalipiwa. Kati ya kutulia na kupaza sauti kuna njia ambayo wauzaji wa Nyamirambo wanaijua tangu zamani: kusikiliza mteja anauliza nini, kisha kumjibu kwa neno lake.

Kazi hiyo haihitaji mtaalamu wa kulipwa kila mwezi. Inahitaji mtu mwenye sikio la lugha, na sisi tunaosoma isimu, tafsiri na uandishi tunalo, au tunapaswa kuwa nalo. Napendekeza kwa wenzangu na kwa walimu wetu zoezi la muhula mmoja. Kila mwanafunzi achague duka moja, akae kaunta siku mbili kwa ruhusa ya mwenyewe, aandike maswali yote yanayoulizwa na majibu yanayotolewa. Kutokana na hayo atunge ukurasa wa Kiswahili wa mistari isiyozidi 20, wenye kazi zinazofanyika, bei ya kuanzia, saa, mahali na namba ya simu. Mwenye duka ausome kwa sauti. Sentensi ambayo hawezi kuitamka mbele ya mteja wake bila kucheka, ifutwe.